AHADI NI DENI, HATA KWA GARI KUUKUU

Katika maisha ya askari liko neno moja ambalo hakuna asiyelijua, nalo ni mwito. Askari akiitwa, awe likizoni au awe shambani kwake katika jeshi la akiba, hufunga mzigo wake na kurudi kikosini. Si wengi, hata hivyo, wanaokumbuka kwamba magari nayo huitwa. Kiwanda kinapogundua kwamba gari kilichounda lina kasoro inayoweza kuua, hutangaza mwito kwamba kila gari la aina ile, lililoundwa katika miaka ile, lipelekwe kwa wakala wake lipate kurekebishwa bila malipo. Mwenye gari haulizwi ana fedha ngapi mfukoni. Huulizwa namba ya chasisi.

Lakini lipo gari ambalo halikuitika. Barua ya mwito ilipotea njiani, au mwenye gari aliipokea akaitia katika mtoto wa meza asiisome. Kisha gari likauzwa mara ya pili, ya tatu na ya nne, na miaka 30 au 40 ikapita. Leo mwenye gari hilo, ambalo majirani huliita kuukuu na yeye huliita johari, akigundua kwamba rekebisho lile halikufanywa, je, ana haki ya kwenda kulidai?

Wengi watajibu papo hapo kwamba hana, kwa sababu gari limezeeka. Sisi twaona kwamba jibu hilo limetolewa kwa haraka mno. Katika Marekani, nchi ambayo sheria ya miito ya magari imeandikwa wazi na kujaribiwa kwa miaka mingi, deni la kiwanda halifi kwa sababu ya uzee wa gari peke yake. Lakini halidaiwi kwa maneno matupu wala kwa hasira. Hudaiwa kwa namba, kwa tarehe na kwa karatasi. Tumeona yafaa kuwaeleza jambo hili wasomaji wetu wa jeshi na polisi, ambao wengi wao huendesha magari yaliyokwisha kula chumvi nyingi, yawe ya serikali au yao wenyewe.

SHERIA INASEMAJE

Mwezi wa Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia sahihi sheria ya usalama wa magari. Sheria ile ilikilazimu kiwanda kumwarifu mwenye gari kwamba gari lake lina kasoro, lakini haikukilazimu kulirekebisha kwa gharama yake. Kwa maneno mengine, kiwanda kingeweza kukuambia kwamba breki zako ni mbovu, kisha kikakuandikia hesabu ya kuzitengeneza. Mwaka 1974 Bunge la nchi ile liliirekebisha sheria. Tangu hapo kiwanda kina wajibu wa kulirekebisha gari bila malipo, au kulibadilisha, au kumrudishia mwenye gari fedha zake baada ya kutoa thamani ya uchakavu.

Wajibu huo una mpaka wa umri, na hapa ndipo watu wanapopotea. Mwanzoni mpaka ulikuwa miaka 8. Mwaka 2000 ulisogezwa hadi miaka 10, na mwaka 2015 ukafika miaka 15. Lakini miaka hiyo haihesabiwi hadi siku mwenye gari anapobisha hodi kwa wakala. Huhesabiwa tangu siku gari liliponunuliwa jipya na mtu wa kwanza hadi siku kiwanda kilipotoa taarifa ya kasoro.

Tuchukue mfano. Gari lilinunuliwa jipya mwaka 1972, na taarifa ya kasoro ikatolewa mwaka 1978. Kati ya tarehe hizo mbili ipo miaka 6, nayo ni pungufu ya 8. Basi deni limezaliwa. Kama mwenye gari alichelewa mwaka mmoja au miaka 40 kulipeleka gari lake, kuchelewa huko peke yake hakulifuti deni, kwa maana sheria haikuweka siku ya mwisho ya kulipeleka gari. Gari jingine lilinunuliwa jipya mwaka 1965, na taarifa ni ile ile ya 1978. Hapo ipo miaka 13, na kiwanda hakilazimishwi kulirekebisha bure. Magari mawili yanaweza kusimama pamoja chini ya mwembe mmoja, yote yana kutu, na moja likawa na haki ambayo jingine halina. Anayetazama kutu hataijua tofauti. Anayesoma tarehe ataijua.

Matairi yana hukumu yake peke yake. Mwito ukiwa wa matairi, mwenye nayo amepewa siku 180 tu za kuyapeleka ili abadilishiwe bure. Kwa hiyo asije mtu akachukua kanuni ya tairi akaifanya kanuni ya gari zima, wala kanuni ya gari akaitumia kwa tairi.

GARI LILILOBEBA MOTO NYUMA

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa gari dogo la Ford lililoitwa Pinto. Tangi lake la petroli liliwekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, karibu na bumpa. Gari lilipogongwa kwa nyuma, tangi lilisukumwa mbele likachomwa na vichwa vya bolti za difu, na bomba la kutilia petroli likachomoka. Petroli ikamwagika, na cheche moja ikatosha kuleta msiba.

Tarehe 9 Juni 1978 Ford ilitangaza mwito wa magari takribani milioni 1.5, yaani Pinto za miaka ya 1971 hadi 1976 pamoja na ndugu yake, Mercury Bobcat, ya 1975 na 1976. Dawa yenyewe haikuwa kubwa: kinga ya plastiki ya kutenga tangi na difu, na bomba refu zaidi la kutilia petroli lisilochomoka kwa urahisi. Ni kazi ambayo fundi wa kawaida huimaliza kwa muda mfupi.

Lakini tangazo si rekebisho. Mwezi wa Agosti 1978, miezi miwili baada ya mwito kutangazwa, Pinto ya mwaka 1973 iligongwa kwa nyuma katika jimbo la Indiana, nayo ikawaka moto. Wasichana watatu walikufa. Gari lao lilikuwa miongoni mwa yaliyoitwa, lakini lilikuwa bado halijarekebishwa. Kampuni ilishitakiwa kwa kosa la jinai, na mwezi wa Machi 1980 wazee wa baraza wakaiona haina hatia. Sisi hatuna nia ya kuifufua kesi hiyo. Twataka tu msomaji auone ule mwanya ulio kati ya siku ahadi inapotolewa na siku bolti inapokazwa. Katika mwanya huo gari huwa na kasoro ile ile, na petroli huwa ile ile.

Mtu anayemiliki Pinto ya miaka ile leo, na wapo wanaozitunza kama mboni ya jicho, ana njia nyepesi ya kuanza uchunguzi. Alale chini ya gari akiwa na kurunzi, atazame kati ya tangi na difu. Kinga ipo au haipo. Jicho lake litampa ushahidi wa kwanza kabla hajaenda kuuliza ofisi yoyote.

DAI KILE KILICHOAHIDIWA

Ahadi za viwanda hazikuwa sawa, na mdai mwerevu husoma kwanza ahadi yenyewe. Mwezi wa Desemba 1971 General Motors iliita Chevrolet takribani milioni 6.7, nyingi zikiwa za miaka ya 1965 hadi 1969. Mipira inayoishikilia injini ilikuwa ikikatika. Injini ilipoinuka, iliweza kuvuta mtambo wa mafuta ikaongeza kasi yenyewe, na wakati huo huo ikaharibu msaada wa breki. Wengi waliopeleka magari yao walidhani watapewa mipira mipya. Hawakupewa. Walifungiwa waya wa chuma wa kuizuia injini isiinuke kupita kiasi hata kama mpira ungekatika.

Mwenye Chevrolet ya miaka ile akienda leo kudai mipira mipya, anadai kitu ambacho hakikuahidiwa, naye ataambiwa hivyo. Akidai ule waya, anadai kilichoahidiwa. Tena akumbuke kwamba mwito ule ulitolewa kabla ya mwaka 1974. Kwa hiyo anasimama juu ya ahadi ya kampuni zaidi kuliko juu ya nguvu ya sheria. Hoja yake si dhaifu kwa sababu hiyo, lakini yafaa ajue anakanyaga ardhi gani.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mwezi wa Desemba 1980 Serikali ya Marekani ilipatana na Ford juu ya magari takribani milioni 23 yenye gia za kujiendesha. Lawama ilikuwa kwamba dereva aliweza kudhani ameiweka gia mahali pa kuegesha, kumbe haikukaa sawasawa, na gari likarudi nyuma lenyewe. Mapatano yale hayakuleta kipuri chochote. Wenye magari walipelekewa kibandiko cha kubandika mbele ya dereva kumkumbusha aiweke gia vizuri, avute breki ya mkono na azime injini. Anayelimiliki gari la namna hiyo leo hana rekebisho la kudai. Alichobakiwa nacho ni uangalifu wake mwenyewe.

GARI LA DORIA

Sasa tuje kwa jambo linalowahusu polisi moja kwa moja. Kwa miaka mingi idara nyingi za polisi za Marekani zilitumia gari la Ford Crown Victoria lililoundwa kwa kazi ya doria. Tangi lake pia lilikuwa nyuma ya ekseli. Gari la raia husimama kando ya barabara kuu mara chache. Gari la polisi husimama pale kila siku, taa zikiwaka, askari akimwandikia dereva kosa lake au akilinda mahali pa ajali. Kwa hiyo hatari ambayo kwa raia ilikuwa ya nadra, kwa polisi ilikuwa sehemu ya kazi. Askari kadhaa walikufa kwa moto baada ya magari yao kugongwa kwa nyuma kwa kasi kubwa, baadhi yao katika jimbo la Arizona.

Mwaka 2002 Ford ilikubali kuyafungia magari ya polisi kinga za kuzuia tangi lisichomwe, bila malipo. Tena askari walielekezwa namna ya kupanga vifaa ndani ya buti, kwa maana jeki au chombo chenye ncha kikisukumwa na kishindo huweza kulitoboa tangi kutoka juu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo idara ya serikali ya usalama wa barabarani, iitwayo kwa kifupi NHTSA, ilifunga uchunguzi wake bila kuamuru mwito. Kwa hiyo kinga zile zilikuwa ahadi ya kiwanda, wala hazikuwa mwito wa kisheria.

Tofauti hiyo ina matokeo hadi leo. Crown Victoria ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2011. Magari mengi ya doria yalipochakaa yaliuzwa kwa mnada, yakawa teksi na magari ya watu binafsi. Mnunuzi akitafuta katika orodha ya miito asione kitu, anaweza kudhani kwamba hakuna kinga iliyopaswa kufungwa. Lakini orodha ya miito haitaji jambo ambalo halikuwa mwito. Atakayemwambia ukweli ni daftari la idara iliyokuwa na gari lile, au macho yake mwenyewe chini ya gari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba gari bila daftari huweza kumpoteza mwenye nalo.

Kwa upande wa jeshi mambo huenda kwa njia nyingine. Magari yanayoundwa kwa mkataba na majeshi ya Marekani hayafungwi na kanuni za usalama za magari ya raia; marekebisho yake hufika kwa amri, na kikosi huyafanya na kuyaandika. Jipu la M151, lililoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, lilijulikana kwa kupinduka kwenye kona kwa sababu ya jinsi magurudumu yake ya nyuma yalivyofungwa. Katika M151A2 ya mwaka 1970 mfungo huo ulibadilishwa, na baadaye majipu yakawekewa fremu ya chuma ya kumlinda dereva gari likipinduka. Yalipostaafu, jeshi liliyakata vipande badala ya kuyauza mazima kwa raia. Jeshi lile liliona kwamba gari lisilofaa barabarani halisafishwi na hati ya mauzo.

NAMNA YA KUDAI

Tuseme sasa mwenye gari kuukuu nchini Marekani anataka kudai rekebisho la zamani. Afuate njia ipi?

Kwanza, aandike namba ya chasisi kutoka kwenye gari lenyewe, asitegemee kadi peke yake. Magari ya kuanzia mwaka wa 1981 yana namba ya tarakimu na herufi 17. Ya kabla ya hapo yana namba fupi, na kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake.

Pili, aangalie asidanganywe na ukimya wa kompyuta. Tangu mwaka 2014 NHTSA imeweka katika intaneti mahali ambapo mtu yeyote huingiza namba ya chasisi akaona miito ambayo gari lake halijaitikia. Ni huduma njema na haina malipo, lakini huonyesha miito ya miaka 15 iliyopita tu, na namba fupi za zamani haizitambui. Gari la mwaka 1975 likionekana halina mwito, maana yake si kwamba lilirekebishwa. Maana yake ni kwamba halikutafutwa mahali panapofaa. Mwenye gari atafute kwa jina la gari na mwaka wake katika orodha ya zamani. Kila mwito una namba yake, na tarakimu mbili za mwanzo huonyesha mwaka. Namba inayoanza na 78V ni mwito wa gari uliosajiliwa mwaka 1978.

Tatu, akiwa na namba ya mwito mkononi, aende kwa wakala wa kiwanda hicho, asiende kwa gereji ya jirani. Kijana wa mapokezi, aliyezaliwa miaka mingi baada ya gari lile, hana budi kushangaa. Pengine atasema kwamba gari hili ni zee mno. Mwenye gari asigombane naye, kwa maana kijana huyo hana ufunguo wa ghala hilo. Amwombe ampe jibu kwa maandishi, kisha aandikie makao makuu ya kiwanda akitaja namba ya chasisi, namba ya mwito, tarehe ya ununuzi wa kwanza na jina la wakala aliyemkatalia.

Nne, atunze tarehe. Sheria ya Marekani inasema kwamba gari lililopelekwa kurekebishwa, likikaa siku 60 bila kutengenezwa inavyopasa, ucheleweshaji huo ni ushahidi wa mwanzo kwamba kiwanda kimeshindwa kutimiza wajibu kwa wakati ufaao. Hapo lile suala la kubadilisha gari au kurudisha fedha huingia. Siku hizo 60 haziwezi kuhesabiwa kama hakuna karatasi inayoonyesha siku ya kwanza.

Tano, akikataliwa bila sababu ya haki, apeleke malalamiko kwa NHTSA.

KIWANDA KIKIFA, VIPURI VIKIISHA

Hatutaki kumpa msomaji matumaini ya uongo. Liko jambo ambalo sheria haiwezi kulifanya: haiwezi kukitoa kaburini kiwanda kilichokufa. Kiwanda cha Studebaker kilifunga milango yake mwezi wa Machi 1966, miezi sita kabla Rais Johnson hajatia sahihi sheria ile. Mwenye Studebaker hana mlango wa kubisha.

Lakini si kila kufa ni kufa kweli. General Motors ilipofilisika mwaka 2009, kampuni mpya iliyochukua kazi yake ilikubali kuyabeba madeni ya miito ya magari ya kampuni ya zamani. Kwa hiyo asikubali mtu kuambiwa kirahisi kwamba kampuni iliyounda gari lake haipo tena; na aulize ni nani aliyerithi jina, na katika mapatano ya urithi aliyabeba madeni gani.

Vipuri navyo huisha. Kiwanda huweza kukiri kwamba kilidaiwa na bado kikawa hakina kile kipande kwenye ghala lolote. Hapo mwenye gari ana njia mbili za busara. Atafute mapatano na kiwanda juu ya gharama, au amtafute fundi hodari wa kuunda kipande kama kile kwa kufuata maelekezo ya mwito wenyewe. Maelekezo hayo huwa ni hazina, kwa sababu yanaeleza kasoro ni ipi, iko wapi, na dawa yake ni nini. Hata asipopata senti moja, atakuwa amepata maarifa ya kuiokoa roho yake.

UZEE SI KISINGIZIO

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wapenda magari ya kale, wenye muda wa kupoteza. Twawaomba waitazame habari ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata kutoka Japani, ambayo ilifungwa katika magari ya viwanda vingi.

Mfuko wa hewa hupulizwa na kichupa cha chuma chenye kemikali inayowaka kwa ghafula, kama baruti. Takata ilitumia amoniamu naitreti. Askari hahitaji kuelezwa kwamba baruti iliyopata unyevu haiaminiki tena. Joto la mchana na ubaridi wa usiku, pamoja na unyevu, viliiharibu kemikali ile kidogo kidogo mwaka hata mwaka, hata ikawa inawaka kwa kasi isiyokadiriwa. Kichupa kikapasuka, na kile kilichowekwa kumlinda dereva kikamrushia vipande vya chuma usoni na shingoni, kama guruneti. Katika Marekani pekee zaidi ya watu 25 wamekufa, na mifuko takribani milioni 67 iliitwa. Haujapata kuwapo mwito mkubwa kuliko huo katika nchi hiyo. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017.

Hapa ndipo hoja ya uzee inapogeuka. Katika habari hii gari linavyozidi kuzeeka ndivyo hatari inavyozidi. Mwezi wa Februari 2023 Honda iliwaambia wenye magari takribani 8,200 ya miaka ya 2001 hadi 2003 wasiyaendeshe kabisa mpaka yarekebishwe. Mwezi wa Januari 2024 Toyota ilisema hivyo hivyo kwa magari takribani 50,000, yakiwamo Corolla za 2003 na 2004 na RAV4 za 2004 na 2005. Haya ni magari yaliyokuwa na umri wa miaka 20, na viwanda vilikuwa vikiwasihi wenye nayo wayalete. Yule mwenye gari aliyedhani kwamba mwito wake umekwisha nguvu alikuwa amekalia hatari iliyokuwa ikikua.

NA HUKU KWETU

Sheria ya Marekani huishia kwenye mipaka ya Marekani. Magari mengi ya Uganda, Kenya na Tanzania yalifika yakiwa yamekwisha tumika huko Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilizuia kuingizwa kwa magari yaliyofikisha miaka 15. Lakini yale yaliyokwisha kuingia yangali barabarani, na Corolla ya mwaka 2003 si kitu kigeni katika mji wowote wa Afrika Mashariki.

Mwenye gari la Japani akiingiza namba yake katika orodha ya Marekani hatapata kitu, kwa maana magari yaliyouzwa Japani hayana namba ya tarakimu 17. Namba yake huanza na herufi za aina ya gari, kisha kistari, kisha tarakimu. Namba hiyo hutafutwa katika orodha za viwanda vya Japani vyenyewe, au huulizwa kwa wakala rasmi wa kiwanda aliye karibu. Tangu mwezi wa Mei 2018 Serikali ya Japani hukataa kuyapitisha katika ukaguzi wa lazima magari yenye mifuko ya hatari ya Takata ambayo hayajarekebishwa. Gari lililopanda meli kabla ya tarehe hiyo halikupita katika mlango huo.

Hatusemi kwamba kila wakala atafungua milango kwa furaha. Twasema kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba viwanda vikubwa vilitangaza miito ya Takata katika nchi nyingi duniani. Anayeuliza akiwa na namba ya chasisi na tarehe huulizwa maswali machache kuliko anayekuja na malalamiko.

Kwa wenzetu wanaosimamia magari ya vikosi na vituo, somo ni la wazi zaidi. Daftari la gari lioneshe si mafuta na safari tu, bali pia kila mwito na kila rekebisho lililofanywa, kwa tarehe na sahihi ya fundi. Gari likihamishwa, daftari lihamishwe nalo. Likiuzwa kwa mnada, raia anayelinunua apewe habari zake, maana naye ana watoto wa kuwapakia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huu ni ufa ambao mara nyingi huzibwa kwa kipande cha plastiki, waya wa chuma au kichupa kipya.

Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Kiwanda kilichouza gari lenye kasoro kinadaiwa. Lakini hakuna deni linalojidai lenyewe. Leo jioni, kabla hujafunga mlango wa gari lako, piga magoti, isome namba ya chasisi, uiandike.